Fundi Anayeogopa Nyumba Zilizopona Zenyewe

Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, Fundi Kiganja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya lango la nyumba ya watu, simu sikioni, daftari gotini. Jua linamchoma kisogo bila huruma. Ndani ya lango kuna kiti chenye mto, kuna kivuli, kuna hata feni. Vyote amevikataa.

"Nimejifukuza mwenyewe," anasema, anacheka kidogo. Kisha anatazama saa, na kicheko kinamtoka usoni kama kimeitwa nyumbani.

Ndani, katika chumba cha mwisho wa korido, binti wa miaka ishirini na minne yuko mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Anacheza mchezo wa vita wa mtandaoni na wenzake wanne ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Asubuhi yeye ni muuzaji katika duka la dawa, mpole, anayekueleza mara tatu jinsi ya kumeza kidonge. Alasiri ni kamanda wa kikosi. Kwenye mchezo anaitwa Radi, na siku hizi hata mama yake humwita hivyo, hasa akiwa amekasirika.

Kwa wiki tatu sasa, kila siku karibu na saa tisa, mtandao wa Radi hukatika. Kompyuta haizimi. Picha inaganda tu, askari wake anasimama katikati ya uwanja kama kinyago cha duka la nguo, na maadui wanamfanya watakavyo. Baada ya dakika mbili mtandao unarudi taratibu, kama mtu aliyetoka kununua chumvi.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi saa tisa kikosi kina mechi za mchujo. Lakini mechi siyo inayomnyima Radi usingizi.

Kila mtandao ukirudi, hukuta ujumbe wa mpinzani mmoja anayejiita Kaburi Wazi. "Nimekuzima tena." Wiki iliyopita aliongeza neno moja: "Nakuona." Radi akachukua plasta ya kidonda kazini kwake, akabandika juu ya kamera ya kompyuta. Kesho yake akabandika ya pili juu ya ile ya kwanza.

Fundi Kiganja alikuja Jumatatu. Alibadilisha kebo, akabadilisha ruta, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, akasafisha kompyuta hadi matumboni, kisha akaketi koridoni tangu saa nane hadi saa kumi na moja kasoro. Mtandao haukutikisika. Akaaga. Dakika ishirini baadaye, ukakatika.

Jumanne akarudi. Akaketi. Hakuna kitu. Akaondoka. Hakufika hata kituo cha basi, Radi akampigia simu analia.

"Fundi, sasa nimeelewa," alimwambia kwa sauti ndogo. "Ukiwa ndani haukatiki. Ukitoka tu, unakatika. Maana yake anajua ukiingia na anajua ukitoka. Huyo mtu haangalii kompyuta yangu. Anaangalia nyumba yetu."

Ndiyo sababu leo fundi yuko nje, juu ya ndoo.

*

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Ana miaka hamsini na saba, na kibanda chake kimebanwa kati ya kinyozi na mpiga pasi, kiasi kwamba akipiga chafya, kinyozi anasimamisha mkasi. Jina la Kiganja limetokana na tabia yake ya kugusa kuta. Akiingia katika nyumba yoyote, kabla hajafungua begi, hupitisha mgongo wa mkono ukutani polepole, kama mama anayempima mtoto homa.

Hadithi zake ni nyingi, na nusu yazo huenda ni kweli. Kinyozi anaapa kwamba fundi aligusa ukuta wa duka lake akamwambia jirani wa nyuma anapika nini, na chumvi imezidi. Mpiga pasi anasema kompyuta zikimwona mlangoni hupona kwa woga, kama watoto watukutu mwalimu mkuu akipita.

"Hilo la pili ni kweli," anasema fundi, na hapa hacheki kabisa. "Zinapona nikiingia. Hilo ndilo linalonitisha."

Miaka kumi na moja iliyopita aliitwa katika nyumba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwalimu alipenda kucheza mpira kwenye kompyuta dhidi ya watu wa mbali, na kila Jumapili jioni mtandao ulimtoroka katikati ya mechi. Fundi alifika Jumapili hiyo hiyo, akakaa saa mbili nzima. Mwalimu akacheza mechi nne, akashinda tatu, akafurahi. Fundi akafungua daftari, akaandika anwani ya nyumba, na chini yake maneno mawili: imepona yenyewe.

Siku ya tisa nyumba ile iliungua.

Alikwenda kutazama kama walivyokwenda wengine, begi begani, akasimama katikati ya watu. Hakufa mtu. Lakini baba yake mwalimu, mzee aliyekuwa chumba cha nyuma, alivunja dirisha kwa mkono ili atoke, na mkono ule haukurudi kuwa mkono. Hadi leo kijiko anashika kwa kushoto.

Fundi alikwenda kumjulia hali mzee hospitalini. Mke wa mwalimu ndiye aliyempokea, akamshukuru kwa kuja, akamvutia kiti. Katika mazungumzo, bila kujua anasema nini, mama yule akatamka maneno ambayo fundi anayasikia hadi leo akifumba macho.

"Watu wanasema ni umeme," alimwambia. "Mimi nashangaa, fundi. Siku uliyokuja kila kitu kilikuwa salama. Hata pasi niliizima kwa heshima yako. Nilisema mgeni anapima vitu vyake, nisimharibie. Nguo za wiki nzima nikazipiga ulipoondoka."

Kila Jumapili jioni mama yule alipiga pasi. Kila Jumapili jioni mtandao ulikatika.

"Nilikaa pale kwenye kiti," anasema fundi, akikunja na kukunjua vidole. "Nikajua. Nyumba ilikuwa inaumwa, na mtandao ndio uliokuwa unapiga kelele. Mimi nikaja, wakanipokea kwa heshima, wakazima ugonjwa, nikaandika imepona. Niliinuka nikaaga. Sikumwambia. Mke wangu ndiye peke yake anayejua."

Kuanzia hapo alijitungia utaratibu. Akiingia nyumbani kwa watu husema kwanza: "Ishini kama sipo." Pikeni, pigeni pasi, washeni redio, gombaneni kama ndiyo ratiba yenu. Naye huketi na daftari lake la mistari ya hesabu, akiandika kila dakika nani kawasha nini.

Nyumbani kwa Radi alisema hivyo hivyo. Mama Radi, mjane mwenye miaka hamsini na kidogo, mcheshi asiyejua kunyamaza, alitii kwa moyo mmoja. Alipiga pasi hadi mapazia. Alichemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyekunywa. Televisheni ikawaka, redio ikawaka, mashine ya kufulia ikazunguka na soksi moja ndani.

Wa tatu katika nyumba hiyo ni Bibi, mama mkwe wa Mama Radi, mwenye miaka themanini na moja na magoti yanayolia kama bawaba. Jumatatu alitoka mara moja tu chumbani kumsalimia mgeni.

"Chezeni na hiyo mitambo yenu, ila kabati langu msiguse," alimwonya fundi, kidole kimesimama. "Kabati lile lina baraka. Nguo zangu zinatoka zina joto, utadhani zimepigwa pasi sasa hivi. Uzeeni nimekuwa malkia."

"Hongera, mama," fundi alisema, akacheka kwa adabu.

"Tatizo ni paka wa jirani tu. Analeta samaki chumbani kwangu. Nanusa harufu, samaki simwoni, paka simwoni."

Fundi akacheka tena. Hakuandika chochote.

*

Saa tisa kamili. Kwenye simu zinasikika kelele za mchezo, na Radi akiwatuma watu wake huku na huku. "Wewe nenda kulia. Nimesema kulia, kaka, kulia kwako ni wapi?"

Saa tisa na dakika tatu. Fundi anapangusa jasho. Anaangalia barabara pande zote mbili. Anakiri kwamba maneno ya binti yamemwingia, na tangu aketi hapa amewachunguza wapita njia wote: muuza maji mwenye mkokoteni, mama mwenye mwavuli, jamaa aliyesimama kufunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu kidogo kuliko kiatu kinavyohitaji.

"Mtu mzima mimi," ananong'ona, "naogopa kamba ya kiatu."

Saa tisa na dakika saba.

"Fundi! Imeganda!" Sauti ya Radi inapasuka kwenye simu, ambayo inatumia laini yake yenyewe na haijali ruta. "Imeganda, fundi, uko wapi? Umemwona? Kuna mtu hapo nje?"

Ndoo inaanguka. Fundi yuko ndani ya lango, yuko mlangoni, yuko koridoni. Haendi kwenye kompyuta. Anasimama mbele ya ruta iliyotundikwa ukutani, na kwa mara ya kwanza anaiona ikiwa mgonjwa. Taa zote zimezima. Kisha moja inawaka, inafikiri, ya pili inafuata.

"Haijapoteza mtandao," anasema taratibu. "Imezimika. Sasa inaamka."

Anainua macho. Feni ya koridoni inazunguka kwa uvivu, kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Radi ametoka chumbani, uso hauna damu. "Ni yeye?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Fundi anatega sikio, anasikia maji. Yanamwagika nyuma ya mlango mdogo mwisho wa korido.

"Nani yuko bafuni?"

Mama Radi, aliyekuja mbio kutoka jikoni, anaangalia sakafu. Radi anaangalia dari.

"Hakuna mtu," anasema Mama Radi.

"Dada, huyo hakuna mtu anaoga kwa kishindo sana."

"Jamani, fundi!" Mama Radi anashusha sauti. "Ni mama mkwe wangu. Kila siku saa tisa anaoga maji ya moto kwa ajili ya magoti. Sasa nianze kumtangazia mwanamume mgeni kwamba mama mkwe wangu yuko bafuni? Yeye mwenyewe ukiwepo haogi. Jumatatu ameketi kitandani na taulo tangu saa tisa, anauliza kila dakika, huyo fundi hana kwao? Ulipotoka tu, akaingia."

"Niliuliza kila kinachowashwa saa tisa."

"Uliuliza mashine, fundi. Hukuuliza watu."

Mgongo wa mkono wa fundi umeshafika ukutani. Anatembea nao, hatua kwa hatua, kutoka kwenye ruta kuelekea bafuni. Baridi. Baridi. Halafu anasimama. Anarudi nyuma nusu hatua. Anaukunja mkono haraka, kama aliyeng'atwa.

"Upande wa pili kuna nini?"

"Chumba cha Bibi," anasema Radi. "Hapo ni kabati lake."

"Nyuma ya kabati?"

Mama na binti wanatazamana. Inachukua muda kukumbuka kitu ambacho hujakiona kwa miaka sita.

"Swichi kuu ya nyumba," anasema Mama Radi. "Marehemu alisema inaharibu sura ya chumba. Tukasogeza kabati."

Hapo fundi anakumbuka nguo zenye joto. Anakumbuka samaki asiyeonekana. Baadaye atasema kwamba wakati ule hakusikia maji tena wala sauti za watu. Alisikia kicheko chake mwenyewe cha Jumatatu, kile cha adabu.

Anagonga mlango wa bafu kwa ngumi.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Nani anaamkia watu bafuni?"

"Fundi, mama. Zima hita."

"Fundi gani huyu asiye na haya? Radi! Mama Radi! Mwanamume yuko mlangoni kwangu!"

"Mama, nakuomba. Zima hita sasa hivi."

"Nina sabuni machoni!"

"Mama, nyumba itaungua."

Ndani maji yanaendelea kuanguka. Moja, mbili, tatu. Kisha tak, swichi ya hita inazimwa.

"Na hii sabuni nitaiondoa na nini?"

"Maji ya baridi, mama."

"Afadhali niungue."

Hakuna anayecheka. Feni imepata nguvu ghafla na inazunguka kwa kasi juu ya vichwa vyao.

*

Kabati ni la mbao nzito, la zamani, na linatoka ukutani kwa shingo upande. Harufu inatangulia: samaki aliyeoza, na chini yake kitu kikali zaidi, kama sufuria ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo harufu ya plastiki ya umeme ikiungua polepole.

Ubao wa nyuma wa kabati umekuwa mweusi, duara lenye ukubwa wa sinia. Katikati yake umeshaanza kuwa jivu. Radi anafungua mlango wa mbele, anashika mkono wa gauni la bluu la Bibi, na mkono ule unavunjika vidoleni mwake kama biskuti.

Ukutani, kifuniko cha swichi kuu kimenyong'onyea kama mshumaa. Ndani yake kuna sauti ndogo, kavu.

"Inatafuna," anasema Radi.

"Mtoeni Bibi nje. Wote tokeni."

"Amevaa taulo, fundi!"

"Atoke na taulo. Mimi nitaangalia ukuta."

Wanatoka. Fundi anabaki peke yake. Anasimama juu ya droo kavu ya mbao, viatu vya mpira miguuni, mpini wa ufagio mikononi. Anaelekeza ncha yake kwenye swichi, inateleza. Anaelekeza tena.

"Miguu yangu ilishaaga," atasimulia baadaye. "Ilishaondoka kwenda kwao. Mimi na mpini tu ndio tuliobaki. Namwona yule mzee wa kushoto, anashika kijiko."

Mara ya tatu swichi inashuka. Nyumba nzima inanyamaza. Feni inapoteza pumzi. Kitu kimoja tu kinaendelea kuongea, kompyuta ya Radi mwisho wa korido, iliyoshikiliwa na betri yake ya akiba: pii, pii, pii.

Kilichobaki hakukigusa. "Mimi wa kompyuta," anasema. "Mambo ya ukutani yana wenyewe." Akamwita fundi wa umeme mwenye leseni, ambaye alifika baada ya saa moja, akafungua kifuniko, akapiga mluzi mrefu usio na wimbo.

Skrubu iliyobana waya mkuu ilikuwa imelegea. Vitu vidogo kama pasi na birika havikuisumbua sana. Lakini hita ya bafuni inavuta umeme mwingi kuliko vyote nyumbani mle, na kila ilipowashwa waya ulipata moto pale ulipolegea, umeme wa nyumba nzima ukashuka. Kompyuta ilikuwa na betri yake, ikavumilia. Ruta haikuwa na kitu. Ikawa ndiyo ya kwanza kuzimia, kila siku, saa ya Bibi kuoga.

"Zilikuwa zimebaki siku ngapi iungue?" Mama Radi alimuuliza fundi wa umeme.

"Ingeweza kuwa kesho," alimjibu, akifuta mikono. "Ingeweza kuwa mwakani. Hivi vitu havina kalenda, mama."

Mama Radi, asiyejua kunyamaza, alinyamaza hadi jioni.

Bibi alikaa uani amefunikwa shuka mbili, sabuni imemkaukia shingoni. Fundi alipokwenda kumwomba radhi kwa kumgongea, Bibi alijivuta shuka hadi kidevuni.

"Nilikwambia nguo zina joto," alisema. "Ulicheka."

"Nilicheka, mama."

"Siku nyingine mtu mzima akikwambia kitu, andika."

*

Jumamosi Radi na wenzake walishinda mechi moja, wakafungwa mbili, wakatolewa. Hakuganda hata mara moja. Kaburi Wazi alimwandikia: "Leo umekaa muda wote, unaumwa?" Ikajulikana kwamba hakuwa akifanya lolote zaidi ya kujisifia kwa kazi ya skrubu. Radi alibandua plasta moja kwenye kamera. Ya pili ameiacha.

"Najua haoni kitu," anasema. "Ila tangu siku ile siamini tena kitu kwa sababu kimekaa kimya."

Maneno hayo yalimfikia Fundi Kiganja pabaya. Usiku huo huo hakulala. Kulipokucha alishusha maboksi kutoka juu ya kabati lake mwenyewe, akatoa daftari zote, na yeye na mkewe wakaketi mezani kupekua kurasa. Walikuwa wakitafuta maneno mawili.

Waliyakuta mara arobaini na moja, ukiacha ukurasa wa mwalimu. Yale ya kabla ya moto aliyategemea. Yaliyomshtua ni mengine ishirini na tatu, yaliyoandikwa baada ya moto, tena kwa mwandiko wake mzuri zaidi. Aliwaambia watu waishi kama hayupo, wakamwitikia ndiyo, kisha kila mmoja akaficha kidogo kile ambacho mtu huficha mbele ya mgeni. Naye akaandika, imepona yenyewe.

"Nyumba arobaini na moja," anasema. "Ukiziweka mtaa mmoja, unapata mtaa mzima. Nalala najiuliza ni ipi inatafuna."

Miezi minne sasa anazirudia, moja baada ya nyingine, kwa miguu na kwa basi, bila kuitwa na bila kumdai mtu chochote. Zamani alihudumia nyumba kumi na moja kwa wiki. Siku hizi ni saba, kwa kuwa siku mbili ni za kurasa za zamani. Mkewe humtania kwamba amekuwa kama mtu wa posta anayerudisha barua alizozichelewesha.

Ameshafika nyumba ishirini na sita. Kwenye tisa, wenyeji wamehama na wapya wamemfungulia kwa mashaka. Mmoja alimfungulia akiwa ameshika mwiko. Kwenye tatu, mgongo wa mkono wake ulikutana na ukuta wenye homa. Moja kati ya hizo tatu ina watoto wachanga mapacha, na kitanda chao kilikuwa kimesukumwa pale pale penye joto, kwa kuwa mama yao aliona wanalala vizuri zaidi hapo. Akifika sehemu hiyo ya masimulizi, fundi huomba maji ya kunywa.

Nyumba ya mwalimu nayo ameirudia, ingawa haimo kwenye hesabu. Alimkuta yule mzee anayeshika kijiko kwa kushoto, akamweleza yote, kuanzia pasi hadi maneno mawili. Mzee alisikiliza, akamwambia akae, chai inakuja. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Walikunywa chai.

Bado nyumba kumi na tano. Anataka kuzimaliza kabla mwaka haujaisha, na baada ya hapo awakusanye mafundi wenzake wa kompyuta wa mitaa ya jirani, mbele ya kile kibanda chake, kinyozi akipenda naye aje, awafundishe jambo moja tu: kabla ya kufungua begi, omba kuwasalimia wazee wa nyumba, na uandike kila wanachosema. Kwenye zile kurasa za zamani amepanga kufuta maneno yale kwa mkono wake na kuandika neno jingine, nimerudi.

Leo asubuhi ni zamu ya nyumba ya ishirini na saba. Lango ni la kijani, limechujuka. Kabla ya kugonga, anaubusu mgongo wa mkono wake haraka, kama mtu anayefuta mdomo, ili asionekane.

Anayefungua ni mwanamume mnene mwenye furaha. "Fundi! Miaka mitano! Ulitutengenezea ile intaneti kwa kuiangalia tu. Haijatusumbua tangu siku ile, haki ya nani."

"Ndilo lililonileta."

Mwenye nyumba anacheka kwa nguvu, anamshika bega, anamwingiza ndani. Korido ni nyembamba. Kutoka chumba cha pembeni inasikika sauti ya mvuke, na kitambaa kikinyooshwa mezani.

"Mke wangu!" mwenye nyumba anaita. "Fundi amekuja! Hebu zima hiyo pasi, tuna mgeni!"

"Usizime, shemeji!" anaita Fundi Kiganja, na sauti yake inawashtua wote wawili. "Endelea hivyo hivyo."

Anaweka begi chini bila kulifungua. Anaupeleka mkono ukutani.